Kabla Hujanunua Bati, Tazama Kenchi

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa wakazi na mafundi katika baraza la wadi, kabla ya mvua za masika. Wengi waliohudhuria waliomba yaandikwe ili wakawasomee walio nyumbani, ndiyo maana tunayachapisha hapa.

 

Nianze kwa kukiri kuwa mimi si fundi. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuwaeleza wakazi mambo kwa lugha inayoeleweka. Lakini habari ya leo sikuitoa ofisini. Niliipata nyumbani kwetu, Magarini, na niliilipia mara mbili.

Nilipopata kazi ya kwanza, nilitaka kumfanyia bibi yangu jambo la kuonekana. Nyumba yake ilikuwa ya makuti, na kila masika tulikuwa tunahamisha vitanda tukikwepa matone. Nikaweka akiba, nikanunua mabati ya rangi. Fundi akapanda juu, akagongagonga mbao, kisha akashuka na kuniambia kwamba kenchi ya kati imepasuka na mbao mbili za pembeni zimeliwa na mchwa. Alitaka hizo zibadilishwe kwanza. Nikamwuliza bei. Aliponitajia, nikadhani anatafuta namna ya kuniongezea gharama. Nikamwambia apige bati tu. Kwa akili yangu ya wakati ule, mbao hazionekani na bati linaonekana.

Nyumba ikapendeza. Majirani wakapita wakisifu. Msimu wa pili wa kusi, usiku, upepo ukainua upande mmoja wa paa pamoja na mbao zake. Ile kenchi ya kati ikakatika na kuangukia kitanda cha bibi. Bibi hakuwa kitandani. Alikuwa ameamka kwenda kufunga dirisha. Tuliepuka msiba kwa dakika moja, na dakika hiyo haikutokana na busara yangu. Mabati mengi yalikunjika yakawa hayafai tena. Nikanunua zile mbao nilizozikataa, na bati nikanunua upya.

Sina wa kumlaumu. Fundi alisema kweli. Mimi nilimvisha mgonjwa kanzu mpya nikadhani amepona.

Basi neno langu kuu leo ni hili: paa likianza kuvuja au kupinda, usikimbilie bati. Tazama kwanza kinachobeba hilo bati.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sana sisi wa Kilifi? Kwa sababu nyumba nyingi katika kaunti yetu zimetoka kwenye makuti kwenda kwenye mabati, na nyingi zimebadilisha bati tu huku mbao zikibaki zilezile. Kuti lina uzito wake na linapitisha upepo. Bati ni jepesi na halipitishi kitu. Wavuvi mliopo hapa mnalijua hilo kuliko mimi. Kitu chepesi kisichopitisha upepo, ukikikinga njiani mwa kusi, kinakuwa tanga. Tena upepo mkali hausukumi paa kwenda chini, kama wengi tunavyodhani. Ukipita juu ya nyumba unalivuta paa kwenda juu, na ule unaoingia kwa mlango au dirisha lililo wazi unalisukuma kutoka ndani. Kwa hivyo mbao zilizotosha kubeba kuti zisianguke hazitoshi kushika bati lisipae.

Mwaka 2023, mvua za El Niño zilileta mafuriko Magarini na kando ya Mto Sabaki. Mwezi wa Mei 2024 tukatahadharishwa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa kutokana na kimbunga Hidaya, kilichopiga zaidi upande wa Tanzania. Hatuwezi kusema tena kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali.

Sasa tuingie kwenye kenchi yenyewe.

Chukua vijiti vinne, uvifunge kwa uzi kama fremu ya dirisha. Ukisukuma pembe moja, vyote vinalala upande. Chukua vitatu, ufunge pembetatu. Sukuma utakavyo, haibadiliki umbo mpaka kijiti kimoja kivunjike au fundo lifunguke. Hiyo ndiyo kenchi: mbao mbili zinazopanda kukutana juu, ubao mmoja wa chini unaozifunga miguu, na ndani yake mbao fupi za kugawana mzigo.

Ubao wa chini watu huudharau, wakidhani kazi yake ni kushikilia dari. Kazi yake kubwa ni kuzuia miguu ya kenchi isitanuke. Mfikirie mtu aliyesimama kwenye sakafu yenye maji, miguu ikateleza huku na huku. Akikosa kitu cha kumfunga miguu, ataanguka. Ukikata ubao wa chini ili upitishe tangi la maji au upate dari ya juu zaidi, paa linaanza kusukuma kuta nje. Ufa unaouona juu ya dirisha huenda hautokani na msingi, bali na kenchi iliyokatwa.

Wazee wetu wa mji wa mawe walijua kipimo hiki kwa njia nyingine. Nendeni Gede mkatazame magofu. Vyumba ni virefu lakini ni vyembamba. Paa lake lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, likibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba uzito huo kwa upana mkubwa zaidi ya mita 3 hivi. Kwa hivyo chumba kilifuata boriti. Leo sisi tunataka sebule ya futi 16 au 20. Ni haki yetu, lakini upana huo unabebwa na kenchi, na kenchi inafanya kazi ikiwa nzima. Ikipungua ubao mmoja, imebaki mbao tu zilizoegemeana.

Adui wa kenchi pwani yetu ni watano.

Wa kwanza ni maji. Tundu dogo la msumari linaweza kulowesha mahali pamoja kila mvua mpaka ubao ulainike. Mahali pabaya zaidi ni pale kenchi inapokaa juu ya ukuta, kwa sababu maji hujificha hapo na hapakauki upesi.

Wa pili ni mchwa. Anatoka ardhini, anapanda ukutani kwa njia yake ya udongo, anakula ubao kutoka ndani na kuacha ngozi ya nje. Kwa macho ubao ni mzima. Ukiubonyeza, kidole kinaingia.

Wa tatu ni fukusi. Huyu anaacha vitundu vidogo na unga mwepesi. Ukifagia unga huo asubuhi na kesho ukaukuta tena palepale, bado yuko kazini.

Wa nne ni chumvi ya bahari. Nyumba za karibu na ufuo, kuanzia Mtwapa na Kilifi mpaka Watamu, Malindi, Mambrui na Ngomeni, misumari yake inaliwa na kutu upesi kuliko za bara. Ubao unaweza kuwa mzima kabisa, na kinachoushika kikawa kimekwisha.

Wa tano ni sisi wenyewe: tunakata, tunatoboa, tunaning'iniza vitu vizito, tunaweka tangi.

Unajuaje kama paa lako ni gonjwa? Huhitaji kuwa fundi kwa hatua za mwanzo. Simama mbali na nyumba, utazame mstari wa juu kabisa wa paa. Ukiona umebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, kuna kenchi imechoka. Tembea kuizunguka nyumba: je, ukuta umeinama nje juu, au kuna ufa unaopanuka kuelekea juu? Ndani, angalia milango iliyokuwa ikifunga vizuri na sasa inakwama. Ingia mchana, funga madirisha, utazame juu: kila nuru ndogo unayoiona ni njia ya maji. Tazama madoa kwenye dari na kwenye mbao, na njia za udongo za mchwa kwenye kona.

Kisha mwite fundi apande na bisibisi. Achome mbao kwa ncha, hasa kwenye viungo na juu ya ukuta. Ubao mzima unakataa ncha. Uliooza unaipokea. Agonge pia: ubao mzima unalia, ulioliwa unatoa sauti ya gome tupu. Na ukiweza, mwambie akuoneshe kwa picha za simu. Picha inamaliza ubishi wa bei, kama ule niliokuwa nao mimi.

Sasa, kurekebisha au kubadilisha?

Kama ubao mmoja umepasuka au umeoza sehemu ndogo, na viungo vya kenchi ni vizima, unaweza kurekebishwa. Kwanza ziba panapovuja, la sivyo utaozesha na ubao mpya. Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie ubao mzima. Kisha ubao mpya wa kipimo kilekile unalazwa ubavuni mwa ule wa zamani, upite pande zote mbili za jeraha kwa futi 2 au zaidi. Ukiweza kuweka ubao kila upande, ni bora. Fungeni kwa bolti zinazopita mbao zote, zenye washa na nati. Misumari peke yake, iliyopigwa ovyo kwenye ubao wa zamani uliokauka, inaupasua upya. Kiungo kilicholegea kinashikwa kwa bamba la chuma au kipande cha plaiwudi nene pande zote mbili.

Lakini ikiwa ubao wa chini umekatika, au miguu ya kenchi imeoza juu ya ukuta, au mchwa wameingia mbao kadhaa za kenchi moja, usiweke viraka. Badilisha kenchi nzima. Na kama kenchi zilizoharibika ni nyingi na zinafuatana, mtafute mtu wa ujenzi mwenye ujuzi akague nyumba yote, kwa sababu huenda hata ukuta umeshasogea.

Hapa nawaomba mafundi wanisikilize, na wenye nyumba pia. Hakuna kukata ubao wowote wa kenchi kabla ya kuweka nguzo za kushikilia. Nguzo isimame juu ya kipande cha ubao kipana ili isizame sakafuni, ipande mpaka kwenye viungo vya kenchi, na ifungwe isiteleze. Paa lililobonyea lisiinuliwe kwa siku moja. Liinueni kidogo kidogo, mkitazama kuta. Kilichobonyea kwa miaka 10 kikirudishwa kwa dakika 10 kinapasua kitu. Shughulikieni kenchi moja hadi ikamilike ndipo mwende kwa nyingine. Kazi ifanyike siku isiyo na upepo wala mvua, na watu wa nyumbani, hasa watoto na wazee, wasilale chini ya sehemu hiyo mpaka iishe.

Kenchi ikishakuwa nzima, kuna kufunga. Paa lina viungo vitatu vya kushika: bati na palini, palini na kenchi, kenchi na ukuta. Upepo unatafuta kilicho dhaifu kuliko vyote. Watu wengi wanaongeza misumari ya bati na kusahau kuwa kenchi imekaa tu juu ya ukuta kama kofia. Kenchi ifungwe kwa utepe wa chuma au waya mnene ulioshikwa ndani ya ukuta, safu kadhaa za mawe chini, au kwenye ringi bimu kama ipo. Kenchi zifungwe pia zenyewe kwa zenyewe kwa mbao za mshazari, ili zisilale kama vitabu kwenye rafu. Na baraza ya mbele, ikiwezekana, iwe na paa lake peke yake. Baraza ikiondoka, isiondoke na nyumba.

Mbao gani? Kwanza mikoko: boriti zake zinasifika tangu enzi za majahazi ya Lamu. Lakini mikoko ya Mida, Mtwapa au Ngomeni ndiyo inayolinda ufuo na kuzaa samaki, na kuikata bila kibali cha Huduma ya Misitu, KFS, ni kosa. Mvinje tunao tele mashambani mwetu, ni mgumu na mzito, lakini usiotiwa dawa mchwa wanaupenda, na hupasuka ukipigwa misumari. Utobolewe kwanza. Mnazi una ubao mzuri upande wa nje wa gogo. Wa ndani ni laini na haufai kubeba. Saiprasi ya dukani inatumika sana, lakini nunua iliyokauka na iliyotiwa dawa. Ubao mbichi ukiupandisha leo, jua la Malindi litaupinda ukiwa juu. Misumari na bolti ziwe zile zilizopakwa zinki, hasa kwa walio karibu na bahari.

Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, tafadhali akina mama, yasiende jikoni. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, nayo ni sumu, na moshi na jivu lake vinabaki nayo. Msipikie, na fundi anayekata afunike pua na mdomo.

Jambo jingine la kiafya: kuna nyumba za zamani, hasa nyumba za taasisi, zenye paa la asbesto. Hizo msizivunje wala kuzitoboa. Vumbi lake linaharibu mapafu, na kuliondoa kunafuata masharti ya NEMA. Ulizeni kwanza.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Kama unabadilisha paa zima au umbo lake, pita ofisi ya mipango ya kaunti ndogo yako kabla ya kuanza. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti jukumu la kutoa kibali cha ujenzi. Wenye nyumba za kihistoria katika miji ya kale wawasiliane na Makavazi ya Kitaifa kabla ya kugusa boriti. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili makandarasi na kuwatambua mafundi. Kijana mwenye ujuzi asikae bila kutambuliwa.

Najua swali lililo vinywani mwenu. Mzee mmoja aliniuliza nilipokuwa naingia: kama sina pesa za haya yote, nifanye nini? Ni swali la haki, nami sitajibu kwa kusema pesa zitafutwe.

Fanyeni kwa mpangilio. Leo, bila gharama, hamisha kitanda kutoka chini ya kenchi uliyoitilia shaka. Wiki hii, weka nguzo chini yake, hata ya mti wa shambani. Si tiba, ni mkongojo, lakini mkongojo unaokoa. Ukipata kidogo, ziba panapovuja na uvunje njia za mchwa. Ukipata zaidi, funga kenchi na ukuta. Kisha rekebisha ile mbaya kuliko zote. Bati jipya liwe la mwisho. Bati la zamani lenye kutu juu ya kenchi nzima ni usumbufu wa ndoo na matone. Bati jipya juu ya kenchi mbovu ni hatari ya uhai.

Na mkikubaliana na fundi, andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari: mbao ngapi, za kipimo gani, bolti au misumari, malipo kwa hatua. Mwenye nyumba apande ngazi, au amtume kijana wake apande, aone kabla bati halijafunika. Likishafunikwa, mwenye nyumba na fundi wote wawili wanabaki na imani tu.

Wahenga walituachia neno: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mimi nilijenga. Bibi yangu bado yuko, namshukuru Mungu, na kila nikimtembelea hunionesha kwa kidole kenchi ya kati na kuniuliza kama imeshiba. Huwa napanda kuitazama kabla sijala.

Mkitoka hapa, kabla hamjaingia ndani, simameni kidogo uani. Tazameni mstari wa paa lenu. Kama umenyooka, mshukuruni aliyelijenga. Kama umebonyea, msingoje kusi liwaambie.